Kaki ya Msata

Nasor alilikanyaga boksi mbele za watu pale Msata mpaka likalala chini kama chapati.

"Hili ndilo unataka kumpa Bi Zeyana?" akamuuliza Twalib. "Mananasi machache tu, tumbo linapasuka!"

"Shikamoo kwanza, Mzee Nasor."

Marahaba haikutoka. Tangu Twalib aanze kukunja maboksi kule Bagamoyo mjini, Nasor hakuwa na marahaba kwa kijana yule.

Bi Zeyana, aliyekuwa akinunua mananasi ya Miono na kuyapeleka Maskati, aliwatazama kama mtu anayetazama kuku wakipigana. "Mie kwenye biashara sina nchi," akasema. "Matunda yanaiva. Atakayekuja na maboksi Alhamisi ndiye wangu msimu mzima. Mwingine asije hata kunisalimu."

"Yangu yanatoka Mombasa, kwa Mazin, mtoto wa kaka yangu," Nasor akasema. "Kenya hiyo! Madaftari tuliyosomea, karatasi aliyofungia baba yangu halua, vyote vilitoka huko. Sisi kazi yetu kununua. Mtanzania na karatasi, wapi na wapi?"

Twalib akacheka puani. "Hayo ya enzi za marehemu baba yako. Karatasi siku hizi iko Iringa. Huko kwa ndugu zako wamebaki na mdomo."

"Mdomo unao wewe, mwana kukosa adabu!"

Hata mchana haujafika, lori likaingia kutokea Chalinze, likaegeshwa njia panda karibu na duka la Nasor. Chini ya turubai ilipangwa mizinga ya karatasi ya kaki, ile ya kukunjia maboksi, minene kama mapipa. Dereva wake, Khamis, alishuka akamkumbatia Twalib. Walisoma chuo kimoja cha Kurani.

"Umeiona, Mzee?" Twalib akapaza sauti. "Hiyo ndiyo kaki ya Iringa!"

Nasor aliiona, na roho ikamuuma. Mzigo wote ule! Ukifika Bagamoyo leo, hiyo Alhamisi Twalib atakuwa na maboksi ya kufunika Msata nzima.

Ikaadhiniwa Ijumaa. Khamis na Twalib wakaongozana msikitini. Nasor akasema tumbo linamsokota, ataswali adhuhuri nyumbani. Wingu la vuli lilikuwa limeshatanda upande wa Lugoba, jeusi tititi, na barabarani hapakuwa na mtu.

Akazunguka nyuma ya lori. Akalegeza kamba, akalegeza na nyingine, akalivuta turubai taratibu kama anayemfunua mgonjwa. Kisha akarudi dukani na kukaa.

Mvua ilinyesha hotuba nzima. Watu walipotoka, mizinga ilikuwa imevimba na kumenyeka kama vitunguu, maji ya rangi ya chai yanachuruzika mpaka kwenye lami. Khamis alijitupa matopeni, mikono kichwani.

"Nitasema nini mie?" akalia. "Nitasema nini?"

Twalib hakulia. Alimshika rafiki yake bega, akampa pole. Kiburi hicho, Nasor akawaza; roho inamtoka na bado anajikaza mbele za watu. Akatoka dukani makusudi, kanzu kaikunja asije akaichafua.

"Poleni, vijana. Kumbe kaki ya Iringa haiwezi maji?"

Twalib akainama, akamwinua Khamis kutoka matopeni.

Nasor akarudi ndani, akajimiminia kahawa. Hata hajaionja, simu ikaita. Alikuwa Mazin, Mombasa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Lete habari."

"Habari si njema, ami. Maboksi yako ya Alhamisi hayapo tena. Karatasi tuliyokuwa tukiingoja imeloa njiani, hapo hapo kwenu Msata. Dereva kanipigia sasa hivi, analia. Hebu toka nje, ami, umsaidie kutazama kama kuna iliyopona."