Nyumba ya Sauti Tatu

Wakati huo sheria iliruhusu kila nyumba sauti tatu tu, zote zikipitia kwenye chipu iliyotengenezwa kwa mfano wa zile za mashine za gemu za kale, zilizoweza kutoa sauti tatu tu kwa mpigo. Akiingia mtu wa nne, chipu humpa sauti ya yule asemaye kidogo, na nyumbani kwa Sheuya huyo alikuwa Sheuya mwenyewe.

Mama mkwe alipobisha hodi, Sheuya alifungua mlango, akainama kwa adabu. "Shika..." alisema, na sauti ikakatika. Midomo ikabaki ikichezacheza kama ya samaki.

"Nasra, mbona mumeo hanisalimii?" aliuliza mama mkwe.

"Ni chipu, mama," Nasra alijibu, na binti yao Mwanaisha akaangua kicheko.

Wiki nzima Sheuya aliomba chumvi kwa ishara. Mama mkwe aliondoka akisema hajapata kuona mkwe mwenye heshima kiasi kile.

Sheuya alifunga mlango, akavuta pumzi ili aseme yote ya wiki nzima. Hakikutoka kitu.

Nasra alishika tumbo lake, akaona haya. "Nilitaka nikwambie leo. Chipu imeshamhesabu."

Sheuya aliruka kwa furaha, akamkumbatia. Kisha akaketi, akijiuliza mtoto akija kuita "Baba!", ataitikiwa na nani.