Chungu cha Kunde cha Bi Kanga

Haya nimeyapata kwa waliokuwepo, na chumvi nimetia kidogo tu.

Kanga alifiwa na mumewe ghafla, mara baada ya kula kunde. Jirani yao Ngiri, mlafi mwenye uso wa mcha Mungu, akaapa kuwa mjane ndiye aliyetia sumu. "Nilikiona chungu kinang'aa. Alikiosha ili afiche ushahidi!" Basi Kanga akahukumiwa amezwe na Chatu.

Akakata rufani kwa Jaji Nyumbu, asiyependa kuharakishwa.

"Mheshimiwa, mume wangu alikufa kwa uzee. Na tangu lini mfiwa akaosha vyungu? Nilikuwa mkekani nalia!"

"Muongo huyo!" Ngiri akadakia.

Nyumbu akamwamuru Kanga apike kunde kama alizopika siku ile. Zilipoiva zikanukia baraza zima. Nyumbu akasema, "Kama mapishi ya huyu yanaua, zimwageni shimoni, asije akafa mwingine."

Mate yakamjaa Ngiri. "Msizimwage, jamani! Kunde za shemeji hazina neno! Zilizobaki siku ya msiba nilizimaliza mimi, nikaramba hata chungu, na tumbo halijaniuma mpaka leo!"

Baraza likaangua kicheko. Aliyenuna ni Chatu peke yake.

Kanga akaachiwa huru. Akamsogezea Ngiri chungu. "Kula, shemeji, lakini kwanza piga magoti uniombe radhi."

Ngiri akapiga. Nanyi mkimwona leo porini anakula kwa magoti, msimcheke sana. Huenda bado hajasamehewa.