Mzunguko Mmoja na Mkaguzi

Gari lilizimika kabla hata mkaguzi hajamaliza kufunga mkanda. Binti akaliwasha tena, likaruka mbele kama chura, likazimika tena.

"Hapo ni klachi," mkaguzi alisema taratibu. "Imeachiwa haraka."

"Kweli kabisa," binti alijibu, akijikaza kisabuni. "Umeona vizuri."

Mkaguzi akatabasamu, akashusha pumzi. Binti akaona anachekwa, na kwa haki kabisa. Yeye alikuwa fundi cherehani. Mguu wake uleule ulijua kuibembeleza pedali ya cherehani mpaka sindano itembee polepole kama inayofikiri. Ukiingia kwenye gari, mguu huo unakanyaga kama unaua mende.

Gari lenyewe lilikuwa la mjomba wake, jeupe, na viti vyake vilikuwa na vitambaa vya maua alivyovishona mwenyewe, kimoja kimekaa upande kwa sababu alikipima akiwa na haraka. Mjomba alimpa gari hilo ili asambaze sare za shule, maana mabunda yake yalikuwa yakipotea kila akiyatuma kwa basi, na walimu wakuu walikuwa wameshaanza kumtafuta fundi mwingine. Ila mjomba hakuwa mtu wa mchezo. Alisema jioni hii ikifika gari halina bima, kesho analichukua shemeji yake. Na huyo shemeji alikuwa ameshaanza kuja kuliosha.

Kampuni mbili zilikuwa zimemkataa kwa adabu. Wakitazama umri wake, na leseni mpya ambayo hata pembe hazijakunjika, wanamtajia bei inayomfanya ashukuru na kuulizia mlango uko wapi, wakati ndio kwanza ameingia. Hii ya leo ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Karani wake, mama mpole mwenye miwani ya kamba, alimweleza kwamba wao dereva mpya hawamkadirii kwa umri. Nje getini atamkuta mkaguzi mwenye faili mkononi, watazunguka mtaa pamoja kwa gari, na atakachosema mkaguzi ndicho hicho.

Kweli, getini alimkuta mwanamume mwenye tai, faili la kahawia kifuani, anajifuta jasho la paji la uso. Binti alisimamisha gari mbele yake, akamfungulia mlango, akamuuliza kama ndiye wa bima. Akasema ndiye. Akauliza akae mbele au nyuma, tena akamwita madamu. Binti nusura ageuke kutafuta huyo madamu ni nani. Yeye alizoea kuitwa "we fundi, suruali ya mtoto iko wapi".

"Kumbe mtu anaonyeshwa kwanza," mkaguzi alikuwa amesema wakati anaketi. Binti akadhani anachokozwa, akatia gia.

Sasa walikuwa barabarani. Kwenye kona ya duka la vioo binti alisahau indiketa. Mkaguzi akasubiri kidogo, kisha akasema indiketa haikuwashwa. Binti akakiri. Kwenye tuta la kwanza waliruka wote wawili mpaka vichwa vikagusa dari. Mkaguzi akasema tuta lataka gia ndogo. Binti akakiri na hilo. Kila kosa analitaja kwa sauti ya mtoto anayesoma ubaoni, halafu anamgeukia na kumkodolea macho mpaka aitikie. Binti aliwajua watu wa namna hiyo. Wateja wake wengine wako hivyohivyo, wanakuchoma na pini kisha wanangoja useme asante.

Mbele ya duka la mikate alijitahidi kukumbuka indiketa, akawasha waipa. Jua lilikuwa kali, anga haina hata wingu la kusingizia, na waipa zikawa zinakwaruza kioo kikavu huku watu waliopanga foleni ya mikate wakizifuata kwa macho, kulia, kushoto.

"Hiyo karibu inipite," mkaguzi alisema kwa furaha.

Binti akakata tamaa, na alipokata tamaa akapata raha. Kama ni kuaibika, basi aaibike huku anacheka.

"Usichoke, kaka," alimwambia. "Mbele yapo mengi."

"Nipo tayari," mkaguzi alijibu, na akalegeza tai.

Na kweli yalikuwepo mengi. Binti alimpigia honi askari wa barabarani akidhani anazima redio. Alisimama kwenye taa ya kijani, akaondoka ilipokuwa ya njano. Mkaguzi hakuacha hata moja, na kadiri walivyokaribia ofisi ndivyo uso wake ulivyozidi kung'aa.

Getini, gari lilisimama kidole kimoja tu kutoka kwenye viatu vya mama mmoja aliyekuwa amesimama pale, faili kwapani, akitazama saa yake. Mama aliruka nyuma kwa wepesi ambao umbo lake halikuahidi. Binti akampungia mkono wa radhi.

"Breki," mkaguzi alisema. "Imechelewa."

Binti akazima gari, safari hii kwa kukusudia. Akaiweka mikono yake mapajani. Akilini alimwona shemeji wa mjomba na ndoo yake ya maji. Akayaona mabunda yake ya sare juu ya paa la basi, yanakwenda yasikojulikana. Akapiga moyo konde.

"Niambie tu, kaka. Bima ipo au haipo?"

Mwanamume akamtazama kwa mshangao, faili amelikumbatia.

"Si wewe ndiye unayetoa jibu, madamu? Makosa yako yote ya makusudi nimeyataja. Na mimi pia nimefuata bima, leseni yangu ndiyo kwanza ina wiki moja."

Nje, yule mama wa viatu akainama, akagonga kioo kwa beji yake ya ukaguzi.