Kopo la Vitamini za Mama

Bibi Fusi aliliweka kopo juu ya kaunta na kulifungua. Tupu. Kisha akakaza kiunoni mkeka wake wa heshima, ule ambao Watonga huuvaa juu ya nguo, na kusubiri, mbele ya wateja watatu ambao ghafla hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka tena.

Akanesi, mfamasia, alilijua kopo lile. Alikuwa amelijaza kwa mkono wake siku kumi na nne zilizopita: vidonge ishirini na nane vya kuzuia mimba, vyote vya aina moja, vimetolewa kwenye pakiti yake na kutiwa ndani ya kopo lililoandikwa VITAMINI ZA MAMA.

Sheria haikumruhusu. Lakini Lupe, mkamwana wa Bibi Fusi, alipojifungua mtoto wa tano alitokwa na damu nusura afe, na daktari akasema wazi kwamba wa sita atamzika. Mumewe, Feleti, akajibu kwamba watoto ni wa Mungu. Kliniki Lupe hawezi kwenda, kwa sababu muuguzi wa pale ni dada yake Feleti, na hapa Neiafu, kama kote Tonga, neno la dada mtu halina rufaa. Basi akaja dukani akalia, na Akanesi naye si jiwe.

"Nina swali," alisema Bibi Fusi.

"Karibu huku pembeni, Bibi."

"Pembeni kuna nini? Hapa hapa."

Wateja wakasogea, eti wanatazama sabuni. Huyu ndiye bibi aliyejaliwa mtoto mmoja tu, Feleti, na kanisa zima likamwombea tumbo lake miaka na miaka, likafunga mpaka mchungaji akakonda. Siku hizi kila Jumapili husimama mwenyewe na kuomba kwa sauti nyumba ya mwanawe ijae.

"Unampa nini mkamwana wangu?"

Akanesi aliiona leseni yake ikishushwa ukutani. Alimwona Lupe akifukuzwa na mabegi yake, au, jambo baya zaidi, akibakizwa.

"Vitamini, Bibi. Za kuongeza damu."

"Za mwezi mzima?"

"Za mwezi mzima."

"Mbona zimeisha nusu mwezi?"

Akanesi alilivuta kopo, akachungulia ndani.

"Basi nitakwambia mimi. Feleti anameza. Kimoja kila asubuhi, na chai. Anasema tangu aanze, kwenye raga ya wazee anakimbia kama kijana. Na ngozi imemlainika."

Mteja mmoja alikohoa. Akanesi alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Nyumba yetu unaijua," aliendelea Bibi Fusi. "Kilicho mezani ni cha wote. Nimkataze vitamini, halafu akiniuliza kwa nini, nimjibu nini? Na kesho asubuhi mkamwana wangu ameze nini?"

"Nitakupa nyingine, Bibi. Bure kabisa."

"Nani kaomba bure?"

Aligeuka, akawatazama wale watatu mmoja mmoja.

"Nyie! Hizo sabuni zina maandishi marefu kiasi hicho? Au mnajifunza kusoma?"

Kengele ya mlango ililia mara tatu. Mtu wa mwisho alisahau hata kuchukua chenji yake. Bibi Fusi alingoja mpaka wote wavuke barabara, ndipo akainama juu ya kaunta na kushusha sauti.

"Jaza tena, lakini kopo hili litupe. Baba yako, alipokuwa anasimama hapo uliposimama, kopo langu mimi alikuwa analiandika 'dawa ya minyoo'. Miaka kumi na sita, na hakuna mwanamume aliyewahi kuniomba hata kimoja."