Mwavuli wa Mtabiri

Jumanne, tarehe nne Aprili. Kulipambazuka na jua kali, bila wingu.

Mtabiri wa hali ya hewa alikuwa ametangaza redioni mvua ya saa nne asubuhi. Akienda kazini, akamkuta jirani yake dobi ameanika mashuka yote ya zahanati.

"Mama, hukunisikia redioni?"

"Redio inasema mengi, baba. Mimi naangalia mkono wako. Leo huna mwavuli, nikaanika."

Majirani wakaangua kicheko. Mtabiri akautazama mkono wake mtupu. Aibu ilimshika, na furaha pia: kumbe mkono wake unaaminiwa kuliko redio.

Akatua mkoba, akaanua shuka la kwanza, likichuruzika maji hadi kwenye viatu vyake.

"Ninyi nyote mashahidi," alisema. "Nikitangaza mvua, Mungu akipenda, mtaniona na mwavuli."