Simu ya Pongezi

Keki ilikuwa imeandikwa MEYA HASEK kwa sukari ya bluu, na Gus alianza kuikata kutoka upande wa MEYA.

"Huku ndiko kulikoharibika," alisema, akamsogezea shemeji yake kipande. "Kula, shemeji."

Lyle Hasek alikipokea, akakishika tu. Ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa chuma bado ulinuka kabichi na soseji za jana. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba Emmett Rourke ameshinda umeya wa Kettner, kwa kura mia sita na kitu.

Lyle alikuwa amegombea mara ya tatu. Safari hii aliacha hata kazi yake ya ualimu, ili asiwe na pa kurudi. Alimwahidi mkewe kwamba hakutakuwa na mara ya nne. Sasa alijisikiliza kama kuna mahali panapouma. Hakupaona.

Darlene Fitch, aliyeongoza kampeni yake, alikuwa akibandua mabango ukutani.

"Wiki tatu nzima hakubisha hodi hata mlango mmoja," alisema. "Mdahalo ukafutwa kwa sababu yake. Sisi tumetembea mpaka soli zimekwisha, na bado wamempa yeye."

"Ningemshambulia vipi, Darlene?"

"Usingeweza. Hilo sikulaumu." Alikunja bango, akalisukuma ndani ya boksi. "Nakulaumu kwa hotuba ya Jumamosi ile kule kanisani. Mji mzima umekaa unakusikiliza wewe, na wewe unamsifu yeye."

"Maureen ndiye aliyeniomba niseme machache."

"Mke wa mpinzani anakuomba umsifu mumewe, nawe unakubali. Na hayakuwa machache. Ulianza na mpira wenu wa utotoni, ukaja kwenye mafuriko, ukamaliza na kiwanda kilipofungwa. Mama yangu mzazi alikuwa na bango lako uani. Alipotoka pale aliniambia, 'Mwanangu, mimi nampa Emmett.'"

"Nilisema kweli tupu."

"Ndiyo. Sijakusikia ukiongea vizuri vile kwa ajili yako mwenyewe."

Gus alilamba kisu. "Mngeandika lile jina la Kocha la shemeji kwenye kura. Watu wote wanamwita Kocha."

"Niliomba," Darlene alisema. "Nikaambiwa karatasi zilichapwa Septemba. Zikishachapwa, jina haliongezwi wala haliondolewi."

Nje, mtu ambaye Lyle hakumjua alikuwa aking'oa vibango vyake kwenye nyasi na kuvipanga vizuri nyuma ya gari.

"Piga simu," Darlene alisema.

Huko aliyeshindwa humpigia aliyeshinda. Asipopiga, watu huona uchaguzi haujaisha, na wengine humkumbuka kwa hilo hadi uzeeni. Lyle alikwisha kupiga mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili sauti yake haikutetemeka.

"Safari hii sioni haja."

"Haja ipo. Mji huu utauliza."

"Nitasema nini?"

"Hongera. Kisha unyamaze."

"Na usimsifu tena," Gus alisema.

Lyle alijifuta sukari vidoleni, akaenda dirishani, akapiga simu nyumbani kwa Rourke. Iliita kwa muda. Alikuwa karibu kukata ilipopokelewa.

"Maureen, ni mimi, Lyle. Nimepiga kumpongeza Emmett."

Nyuma ya Maureen zilisikika sauti za watu wengi na vyombo vikigongana. Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Nilijua utapiga," Maureen alisema. "Humu ndani kuna waliobisha."

"Mwambie..." Lyle alitafuta neno, akaona yote yamekwisha kutumika. "Mwambie alistahili."

"Nitamwambia mchana," Maureen alisema, "nikimpelekea maua kaburini."