Waliochelewa Kushangilia

Godoro la kinyozi lilikuwa limeshakwama kwenye kona ya ngazi, na mwenyewe yuko chini yake akilisukuma kwa kichwa. Nyuma yake alifuata mkewe na kioo cha kazini, kifuani kama mtoto. Walikuwa wanahama kwa sababu kinyozi alishangilia goli akiwa amechelewa.

"Nusu dakika tu, fundi," alimwambia fundi cherehani aliyetoka kuwasaidia. "Nesi wa chini kapiga kelele, mimi nikafuata. Kumbe mkaguzi yuko hapo koridoni na kidaftari chake."

Fundi aliinua upande wake wa godoro. Kwake, nyuma ya cherehani, kulikuwa na kisanduku cha kunasa mechi za wizi, kama cha kinyozi.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni yenye haki ya kuonyesha mechi ilimwandikia mwenye nyumba barua. Barua ilisema kwamba mtu anayeangalia nyumbani matangazo yasiyo na leseni "anaweza kuwa anatenda kosa." Wapangaji wakauliza: ni kosa au si kosa? Mwenye nyumba akavaa miwani, akaisoma tena.

"Imeandikwa anaweza," alisema. "Na mimi nawajua. Mnaweza sana."

Ikawa sheria: atakayekamatwa, ahame. Mkaguzi wa kampuni naye hakuhitaji kuvunja mlango wa mtu. Mechi ya wizi hufika imechelewa, maana huzunguka kwanza huko inakozunguka. Kwa hiyo siku ya mechi alisimama koridoni, waya wa simu sikioni. Watu walisema anapokea amri za makao makuu. Akasikiliza. Nesi mstaafu wa chini ndiye pekee mwenye leseni katika jumba zima, na alishangilia wa kwanza. Aliyeshangilia baada yake aliingia kidaftarini.

"Tukizime hiki kisanduku," alisema mke wa fundi siku ya mechi iliyofuata. "Una sare za shule nzima humu ndani. Tukifukuzwa utashonea wapi, kwenye mtaro?"

"Na baba yako je?"

Baba mkwe alikuwa ameshakaa, jezi ya bluu mwilini, miguu juu ya stuli. Alisafiri kutwa kuja kuangalia mechi hii. Nani ana ubavu wa kumwambia mkwewe kwamba hakuna mpira?

Fundi akapata akili.

"Baba, leo tunaangalia kwa mpango. Nesi akipiga kelele, na sisi tunapiga papo hapo. Goli likija kutokea kwenye kioo cha runinga, tunanyamaza."

"Huyo nesi ni wa timu gani?"

Fundi alikohoa. "Kijani, baba."

"Kwa hiyo nimepanda basi nije kushangilia tukifungwa?"

"Kwa mdomo tu, baba. Moyoni ubaki bluu."

"Na tukifunga sisi?"

"Tunafurahi kimya kimya."

"Huo si mpira," alisema mzee. "Hiyo ni ndoa."

Kipindi cha pili, viatu vya mkaguzi vikasikika vikipanda ngazi. Vikasimama. Ndipo sauti ya nesi ikapasua sakafu.

"Goooli!"

"Goooli!" fundi aliruka. Mkewe akapiga kifuniko cha sufuria. Baba mkwe alifumbua mdomo kama mtu anayenyweshwa dawa chungu, akatoa "goli" dogo la kukwaruza. Kwenye kioo mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja, hauna habari.

Viatu koridoni havikusogea. Fundi akapumua.

"Sasa kimya, baba," alinong'ona mkewe. "Ndiyo inakuja."

Wakakaa wakiitazama ikija. Vijana wa kijani walipasiana taratibu, kama wanajua hakuna wa kuwazuia. Mzee alishika mikono ya kiti mpaka kikalia. Golikipa wa bluu akaruka upande ambao mpira haukuwepo kabisa.

"Kulia, we mbumbumbu!" mzee alinguruma. "Kulia!"

Mlango ukagongwa.

"Nesi ameshangilia zamani," mkaguzi alisema kizingitini, mpole kama mtu aliyeleta rambirambi. "Huyu mzee amelia sasa hivi. Sekunde ishirini na tano. Nimehesabu."

"Kaka, huyo ni mgeni tu," alisema mke wa fundi. "Kaja jana."

"Hata mimi ni mgeni hapa, dada." Akafungua kidaftari. "Jina?"

Fundi alilitaja jina lake polepole, akitazama rundo la sare zisizo na vifungo na cherehani iliyofungiwa sakafuni kwa misumari. Kuing'oa tu ni kazi ya siku nzima.

Mkaguzi aliandika herufi mbili. Kalamu ikasimama. Akabonyeza ule waya sikioni, macho yakamtoka, akamkamata fundi bega.

"Goooli!" alipiga kelele. "Kijani! Kijani wamefunga!"

Milango mitatu ya koridoni ikafunguka. Mkaguzi alikuwa bado mikono juu, akishangilia goli lile lile ambalo kwa fundi lilikuwa limeshapita.

"Jina?" aliuliza baba mkwe.

Fundi hakuhama, na sare zilikabidhiwa Jumatano. Baba mkwe alirudi kwake na hajakanyaga tena. Nesi anaendelea kushangilia wa kwanza. Kinyozi hakurudishiwa chumba, kwa kuwa barua yake ya kuhama ilikuwa imeshapigwa muhuri. Sasa ananyolea nyuma ya kituo cha mafuta. Mkaguzi bado ni mkaguzi, na tangu hapo amekamata nyumba nyingine tisa. Kila mechi kubwa huiangalia kwa fundi, maana pale goli humfikia mapema zaidi.